UZI: Tumbo linachelewa kushusha chakula? Tuzijue dawa za kusukuma tumbo kabla ya kuzimeza

#1 Mtoa mada

Wakuu habari zenu. Kazi yangu ni kutoa dawa, nakaa dirishani kila siku, na kuna jambo la matumbo linaniumiza kweli, ngoja nilimwage lote hapa halafu mwenye swali aulize.

Mtu anakuja anasema tumbo limejaa, nakula kidogo tu nimeshiba, chakula cha mchana mpaka usiku nakisikia bado kipo, kichefuchefu, kubeua hakuishi. Anapewa dawa ya asidi. Inaisha, tumbo liko vilevile, anaongezewa nyingine ya asidi yenye jina tofauti. Sasa asidi ni kitu kingine na mwendo wa tumbo ni kitu kingine kabisa. Kama una moto unaopanda kifuani au maumivu ya kuchoma juu ya kitovu, omeprazoli na wenzake wana kazi ya kufanya. Ila kama mfuko wa chakula ndio unachelewa kumwaga mzigo kwenye utumbo mdogo, unaweza kuikausha asidi yote na chakula kikabaki palepale. Na omeprazoli yenyewe inaweza kuchelewesha kidogo chakula kigumu kutoka, watu wengi hawaambiwi hilo.

Mfuko wa chakula ukiwa mzima unajikunja karibu mara 3 kwa dakika, mawimbi yanashuka kuelekea mlango wa chini, chakula kinasagwa mpaka kiwe vipande vidogo sana ndipo kinapitishwa kidogo kidogo. Kazi hiyo inaongozwa na mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi, unatoka kwenye ubongo mpaka tumboni. Baada ya saa 4 mlo wa kawaida unakuwa umeshatoka zaidi ya asilimia 90. Vagasi ikiharibika, na kisukari cha miaka mingi ni mharibifu mkubwa wa hiyo, au ikiguswa wakati wa operesheni, au baada ya ugonjwa fulani wa virusi, mawimbi yanalegea. Hiyo ndiyo inaitwa gastroparesisi. Kuna watu wengi pia hawana sababu yoyote inayoonekana. Na kuna wengine mfuko unashusha vizuri tu ila umekuwa mwepesi wa kuhisi, au hautanuki chakula kinapoingia, hao wanaitwa wenye dispepsia isiyo na kidonda. Dalili zinafanana sana ndo maana kubahatisha dawa ni hatari.

Dawa za kusukuma zinaitwa prokinetiki. Zinazojulikana zaidi ni mbili. Metoklopramidi, wengi mnaijua kama Plasil au Maxolon, na domperidoni ambayo wengi wanaijua kama Motilium. Zote mbili zinaziba dopamini, kemikali ya mwili ambayo tumboni inafanya kazi ya kupunguza mwendo, kwahiyo ukiiziba tumbo linaamka na kichefuchefu kinatulia. Tofauti kubwa ni kwamba metoklopramidi inaingia ubongoni na domperidoni inaingia kidogo sana. Madhara yao mengi yanaanzia hapo, nitaeleza chini.

Ya tatu inashangaza watu. Eritromisini, antibayotiki ya tangu mwaka 1952, kwa kipimo kidogo inagusa kipokezi cha homoni ya motilini na kulifanya tumbo lijikunje kwa nguvu. Hospitali wanaitumia hata kusafisha tumbo la mgonjwa anayetapika damu ili kamera ione vizuri. Shida yake mwili unaizoea ndani ya wiki chache, inaacha kusukuma, na wewe umebaki unameza antibayotiki bure na kuwafundisha bakteria usugu.

Jambo ambalo nataka kila mtu alishike ni hili, prokinetiki ni dawa ya muda na ya sababu maalumu. Si pipi ya gesi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilibana metoklopramidi mpaka mwisho siku 5, isizidi miligramu 30 kwa siku, na wakasema isitumike tena kwa matatizo ya muda mrefu kama dispepsia na kucheua asidi. Mwaka 2014 wakageukia domperidoni nayo wakaibana, miligramu 10 hadi mara 3 kwa siku, kwa kawaida isizidi wiki moja, na iwe ya kichefuchefu na kutapika tu. Marekani wao wamepita njia nyingine. Metoklopramidi inaruhusiwa kwa gastroparesisi ya kisukari ila tangu 2009 ina onyo kali kabisa, isizidi wiki 12, na domperidoni haijawahi kuidhinishwa kule. Mnaona, mabingwa wenyewe wamepishana kuhusu dawa zilezile, ila kwenye kutozitumia kiholela wanakubaliana.

Karibuni.

#2 Bondia

Mkuu ahsante kwa uzi. Swali la haraka, hiyo Plasil inamezwa kabla au baada ya kula? Mimi huwa namezea chakula chote pamoja na omeprazoli na ile ya maji ya kutuliza asidi, nazipiga zote kwa pamoja nisisahau.

#3 Mtoa mada

Bondia kaka, kabla. Dakika 15 hadi 30 kabla ya kula, ili mlo unapoingia tumbo liwe limeshaamshwa. Ukiimeza baada ya kushiba, hiyo dawa yenyewe inakaa foleni kwenye tumbo lilelile lisiloshusha.

Omeprazoli nayo inapenda tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo wa kwanza. Ile ya maji yenye aluminiamu na magnesiamu inakwenda baada ya kula. Kama unatumia domperidoni usiinywe pamoja na dawa ya kutuliza asidi, inapunguza kiasi kinachoingia mwilini, zitenganishe, domperidoni kabla ya mlo na ya asidi baada. Halafu aluminiamu inafunga choo, magnesiamu inalegeza, angalia chupa yako ina nini maana choo kikifunga tumbo linazidi kujaa na mtu anadhani ugonjwa umeongezeka.

Na uzipige zote kwa sababu gani haswa? Nani alikwambia unazihitaji zote tatu?

#4 Nuru2

Mimi hiyo Plasil sitaki hata kuiona. Nilikuwa natapika sana nikachomwa sindano, masaa machache baadaye shingo ikapinda upande mmoja, macho yakapanda juu hayashuki, taya limekaza siwezi kuongea, nyumbani wakadhani nakufa. Akili ninayo kabisa nasikia kila kitu ila mwili si wangu. Tuliporudi nikachomwa sindano nyingine ikaisha kama haikuwepo. Hakuna aliyenieleza ilikuwa ni nini mpaka leo.

#5 Mtoa mada

Pole sana Nuru2. Ulichopata kinaitwa distonia ya ghafla, inatokea kwa sababu metoklopramidi inaingia ubongoni na kuziba dopamini kwenye sehemu inayoongoza misuli. Inawapata zaidi watoto na vijana, hasa wasichana, na mara nyingi ni ndani ya siku moja mbili za mwanzo. Inatisha mno lakini inatibika haraka, sindano waliyokuchoma ya pili yaelekea ni biperideni, benztropini au difenhidramini. Sindano ya mshipa inatakiwa isukumwe taratibu, angalau dakika 3, ikisukumwa kwa haraka mtu anapatwa na wasiwasi mkubwa wa ghafla, anataka kukimbia hata pa kukimbilia hapajui.

Naomba ufanye kitu kimoja, andika kwenye kadi yako ya matibabu kwamba umepata distonia kwa metoklopramidi na useme kila unapotibiwa. Zipo dawa nyingine za kuzuia kutapika zinazofanya hivyohivyo, proklorperazini mojawapo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli. Mtu anayetumia haloperidoli tayari akiongezewa metoklopramidi hatari inajumlishwa.

Kuna dhara lingine la polepole ambalo mimi linanitisha kuliko hilo lako. Ukikaa na metoklopramidi miezi na miezi, unaweza kuanza kutafunatafuna bila chakula mdomoni, ulimi unatoka wenyewe, unakonyeza bila kutaka. Inaweza isiondoke hata ukiacha dawa. Hii ndo sababu ya onyo la wiki 12. Wanaopata zaidi ni wazee, akina mama, na wenye kisukari, yaani walewale ambao tumbo linawasumbua zaidi. Inaleta pia huzuni nzito kwa baadhi ya watu, kwahiyo aliyewahi kuugua sonona amwambie daktari kwanza. Na mwenye ugonjwa wa Parkinson asiiguse kabisa.

#6 Kisima

Kisukari miaka mingi hapa, nachoma insulini. Shida yangu sukari inanichezea. Nachoma, nakula, saa moja baadaye sukari imeshuka natetemeka natoka jasho, halafu usiku inapanda sana wakati sijala kitu. Daktari akaniambia nile kwa wakati, nakula kwa wakati jamani. Kusoma hapa nimeshtuka, inawezekana ni tumbo?

#7 Mtoa mada

Inawezekana sana, na hiyo ni dalili ambayo hata watu wa hospitali huwa inawapita. Insulini ya haraka inaanza kazi kwa ratiba yake, haisubiri chakula. Chakula kikikwama kwenye mfuko, insulini inakuta damu haina sukari mpya, unashuka. Masaa yakipita chakula kinashuka chote, insulini imeshaisha nguvu, unapanda. Halafu sukari ikipanda sana yenyewe inalegeza tumbo zaidi, kwahiyo mambo yanazunguka hivyo hivyo.

Dada au kaka Kisima, usibadilishe muda wa sindano mwenyewe. Kaa wiki nzima uandike umekula saa ngapi, umechoma saa ngapi, sukari ilikuwa ngapi kabla na baada, na lini tumbo lilijaa. Ukienda na hiyo daftari daktari ataliona tatizo haraka sana. Wengine wanabadilishiwa muda wa kuchoma au aina ya insulini, na hilo peke yake linatuliza hata tumbo.

Kipimo chenyewe cha uhakika ni kula mlo mdogo uliotiwa chembe kidogo cha mionzi, halafu wanakupiga picha mara kadhaa mpaka saa ya 4. Kikibaki zaidi ya asilimia 10 baada ya saa 4, tumbo linachelewa. Siku ya kipimo sukari ikiwa juu sana majibu yanaweza kudanganya, na dawa za kusukuma, za maumivu makali na za kutuliza mkazo wa tumbo zinasimamishwa siku mbili tatu kabla, kwa maelekezo ya daktari. Kabla ya yote hayo wanapitisha kamera wahakikishe hakuna kitu kilichoziba njia. Hili usilipite, kumsukuma mtu tumbo wakati mlango umezibwa na uvimbe au kovu la kidonda ni kumtafutia balaa.

#8 mama_wawili

Samahani nina mtoto wa miezi mitatu, akinyonya anacheua sana, kila saa nguo zimelowa. Jirani ana ile ya maji ya domperidoni alipewa mtoto wake zamani. Naweza kumpa kidogo?

#9 Mtoa mada

Mama, hapana. Tafadhali usimpe.

Mtoto wa umri huo kucheua ni kawaida kubwa, mlango wa juu wa mfuko wake bado haujakomaa. Wengi wanaacha wenyewe wakikaribia mwaka mmoja au mwaka na nusu. Kama anaongezeka uzito, anacheka, anakojoa vizuri, huyo tumbo lake halihitaji dawa. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, mcheulishe katikati, mshike wima nusu saa baada ya kunyonya. Kulala alazwe chali.

Metoklopramidi imepigwa marufuku kabisa chini ya mwaka mmoja kwa mujibu wa wale wa Ulaya. Domperidoni kwao imebaki kwa watu wazima na vijana wa kuanzia kilo 35. Eritromisini kwa mtoto wa wiki chache imehusishwa na ule mlango wa chini wa mfuko kunenepa na kuziba, mpaka operesheni.

Mkimbize hospitali akitapika rangi ya kijani, akitapika damu, akirusha matapishi mbali kila baada ya kunyonya, akikataa kunyonya au uzito ukigoma kupanda. Hiyo chupa ya jirani irudishe.

#10 Babu Msomaji

Nawasalimu vijana. Nina miaka sitini na kitu, natumia dawa za moyo, na hivi karibuni nimepewa ya fangasi za kucha, ketokonazoli. Tumbo linajaa nikanunua domperidoni mwenyewe. Baada ya kuimeza jana usiku moyo ulirukaruka. Nimeona nisome hapa kwanza.

#11 Mtoa mada

Shikamoo babu. Naomba usiimeze tena hiyo domperidoni, na leo hii uende ukapimwe umeme wa moyo, umwoneshe daktari dawa zako zote ukiwa umezibeba mkononi. Ukipata kizunguzungu cha kuanguka, kuzimia au maumivu ya kifua, usingoje zamu, nenda sehemu ya dharura.

Ngoja niwaeleze na wengine maana hili ndo jambo zito kuliko yote kwenye uzi huu. Domperidoni inaweza kuchelewesha umeme wa moyo kurudi sawa baada ya kila pigo. Kwa mtu mzima wa afya kwa kipimo kidogo mara nyingi hakuna kinachotokea. Hatari inaongezeka kwa wenye miaka zaidi ya 60, kwa anayemeza zaidi ya miligramu 30 kwa siku, kwa mwenye moyo dhaifu, na kwa ambaye potasiamu imeshuka, na kutapika sana kunashusha potasiamu. Juu ya hapo kuna dawa zinazozuia ini kuichakata domperidoni, inajaa kwenye damu. Ketokonazoli ni mojawapo. Klarithromisini, eritromisini, na baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi nazo zimo. Kwahiyo mtu anayesema eti nachanganya eritromisini na domperidoni tumbo lisukumwe mara mbili, huo mchanganyiko umekatazwa. Dawa za malaria zenye lumefantrini nazo hazipatani na domperidoni, hilo naomba wenzangu wa dirishani mlishike maana mgonjwa wa malaria anatapika na mkono wetu unakimbilia domperidoni bila kufikiri.

Wala si jambo la kukisia. Kulikuwa na sisapridi, dawa ya kusukuma iliyopendwa mno miaka ya tisini, ilisukuma tumbo vizuri kweli. Ikaua watu kwa kuvuruga mapigo ya moyo, hasa walioichanganya na dawa nyingine, na Marekani ikaondolewa sokoni mwaka 2000. Woga uliopo juu ya kundi hili lote umetokana na vifo vile.

#12 Bondia

Duh. Mimi huwa naongezewa na Buscopan kwa ajili ya tumbo kukaza. Hiyo salama?

#13 Mtoa mada

Salama kwa moyo wako sijui historia yako, ila kwa kazi ya tumbo umeuliza swali zuri sana. Buscopan inalegeza misuli ya tumbo. Metoklopramidi inaikaza ili isukume. Ukizimeza pamoja moja inavuta huku nyingine inavuta kule, na aliyekupa zote kwenye mfuko mmoja hakufikiria unachougua. Tumbo la kunyonga kweli kweli, Buscopan ina nafasi yake. Tumbo lisiloshusha, inalizidishia.

Na hapa ndo nataka kila mmoja afungue droo ya dawa zake. Kuna dawa nyingi zinazolegeza tumbo na mtu hajui kwamba hizo ndizo ugonjwa wake. Za maumivu makali, tramadoli, kodeini, mofini. Amitriptilini, ile ya sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu. Zile za mzio za kusinzisha. Za kibofu kisichozuia mkojo. Na sigara na pombe nyingi. Mara nyingi kabla ya kuongeza dawa ya kusukuma, kuna dawa ya kupunguza, na ukishaipunguza kwa ushauri wa aliyekuandikia tumbo linaamka lenyewe bila kidonge kipya. Mimi kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kwa kila anayekuja dirishani ningeuliza hilo, unameza nini kingine.

#14 Tausi

Nachoma sindano ya kupunguza uzito, ile Ozempic. Tangu nipandishe kipimo nashiba kwa maji tu, natapika chakula cha jana yake. Nimeze domperidoni au Plasil ipi bora?

#15 Mtoa mada

Tausi dada yangu, hiyo sindano kazi yake mojawapo ni kuchelewesha tumbo, ndo maana unashiba. Ukimeza ya kusukuma unapigana na dawa yako mwenyewe. Kutapika chakula cha jana si kitu cha kuvumilia, mpigie aliyekuandikia kabla ya dozi inayofuata, mara nyingi wanarudisha kipimo chini au wanasimamisha kwa muda. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni na hayaachi, hayo ni ya dharura, kongosho linaweza kuwa limevimba.

Na ukiwa na operesheni yoyote ya kulazwa usingizi waambie mapema unatumia hiyo. Mtu amefunga tangu usiku ila chakula bado kipo tumboni, akilazwa kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu.

#16 Kisima

Mkuu na vyakula je? Nimeambiwa nile nyuzinyuzi nyingi kwa ajili ya kisukari, lakini nikila majani na maganda tumbo ndo linagoma kabisa.

#17 Mtoa mada

Hujakosea kuhisi hivyo. Kwa tumbo lisiloshusha ushauri unageuka. Nyuzinyuzi ngumu hazisagiki kirahisi, na kwenye mfuko uliolegea zinaweza kujifunga zikawa donge linaloitwa bezoa. Mafuta nayo yanachelewesha. Kinachopita vizuri ni vya majimaji, vilivyopondwa, vilivyosagwa, mboga iliyopikwa ikalainika na kumenywa, kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku badala ya milo mikubwa miwili. Tafuna mpaka kiwe uji mdomoni. Ukimaliza usilale, kaa wima au tembea taratibu. Kuna siku mbaya ambazo supu na vinywaji vyenye lishe tu ndo vinaingia, siyo kushindwa, ni kulipatia tumbo kazi linayoiweza. Ila kwa vile una kisukari mtafute mtu wa lishe mpange pamoja, maana vingi vilivyo laini vinapandisha sukari haraka.

Tangawizi nimeona watu PM wanauliza. Kwenye tafiti ndogo imeonekana kuharakisha kidogo tumbo kushusha. Kama chakula sina neno nayo, vidonge vyake vya nguvu ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda uliza kwanza.

#18 Nuru2

Kwa sisi ambao Plasil imetukataa na domperidoni ina mambo ya moyo, tunabaki na nini?

#19 Mtoa mada

Mnabaki na vitu, ila vinahitaji daktari wa tumbo.

Ondansetroni inatuliza kutapika bila kukuletea ile distonia. Haisukumi tumbo, inafunga choo, na nayo inaweza kugusa umeme wa moyo, lakini kwa kichefuchefu ni nzuri. Prukalopridi ni ya choo kigumu cha muda mrefu, inasukuma utumbo kwa njia ya serotonini, kemikali nyingine ya mwili, bila ile tabia ya sisapridi kwenye moyo, na madaktari wengine wanaijaribu kwa tumbo lisiloshusha. Itopridi na mosapridi zinatumika sana Asia, na Japani mwaka 2013 waliidhinisha akotiamidi mahususi kwa dispepsia isiyo na kidonda. Kupatikana kwake kunategemea nchi. Kwa waliozidiwa kabisa kuna kufungua ule mlango wa chini kwa kamera, na kuna kifaa cha umeme kinachopandikizwa tumboni.

Na kwa wenye dispepsia bila gastroparesisi, kabla hujafika huko kote pima kwanza bakteria wa H. pylori, kwa choo au kwa pumzi. Hao waligunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, Marshall akafikia kuwanywa mwenyewe ili athibitishe, na mwaka 2005 wakapewa Nobeli. Wakitibiwa baadhi ya watu tumbo linatulia kabisa. Omeprazoli iache wiki 2 kabla ya kipimo na antibayotiki wiki 4, la sivyo jibu linaweza kukwambia huna wakati unao.

#20 Babu Msomaji

Nimerudi vijana. Umeme wa moyo umepimwa, daktari amesema ulikuwa umechelewa kidogo, domperidoni imeondolewa, ya kucha nayo imeondolewa, nitarudia kipimo. Potasiamu ilikuwa chini. Ahsante sana mwanangu. Sasa tumbo bado limejaa, na nguo zimekuwa kubwa miezi hii, nimepungua bila kutaka. Nianze na ipi hapo juu?

#21 Mtoa mada

Nashukuru sana umeenda babu, nimefurahi kweli.

Usianze na yoyote. Umri wako, tumbo kujaa kwa mara ya kwanza, na uzito unashuka bila kutaka, hapo kinachotakiwa ni kamera ya tumbo, na isicheleweshwe. Hivyohivyo kwa yeyote humu anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, chakula kinachokwama kooni, au aliyeambiwa damu imepungua bila sababu. Dawa ya kusukuma kwa mtu wa namna hiyo inaweza kumpa nafuu ya wiki mbili huku kitu kikubwa kinakua chini yake.

Ukienda mwambie hivi kwa maneno hayahaya, nimepungua uzito bila kutaka na nashiba haraka. Mtajie dawa zako za moyo, hasa kama kuna ya kuzuia damu kuganda maana kabla ya kamera watataka kujua. Kisha rudi hapa utuambie wamekupa tarehe gani.